Kuchoma masizi ya DPF: nozeli inavyoipa ekzosi joto, na namna ya kufanya bila kuua injini

Maswali ni yaleyale. Dereva wa Canter anapiga simu akiwa Malaba, mwingine yuko Elegu, kijana aliyeanza ufundi juzi hapa Ndeeba, Kampala, naye anavuka barabara kuja kuuliza: taa ya DPF (kopo la ekzosi linaloshika masizi ya dizeli) imewaka, gari haina nguvu, haipandi hata kilima cha mtoto, nimebonyeza swichi ya kuchoma na haichomi, nifanyeje? Nimejibu kwenye simu mpaka kidole gumba kinauma, basi leo naandika yote mara moja, ukisoma mpaka chini hutakuwa na sababu ya kunipigia saa tano usiku.

Hii shida si ya zamani kwetu. Dizeli za zamani zilikuwa zinatoa moshi kama jiko la kuni mbichi na hakuna aliyeuliza. Ila tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari iliyofikisha miaka 15 tangu itengenezwe, kwa hiyo zinazoshuka sasa ni za ile miaka ambayo Japani na Ulaya DPF ilishakuwa kitu cha kawaida, na nyingi zinakuja na kitabu cha Kijapani ambacho hakuna anayekisoma. Mwenye gari anaona taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya kopo na vitone, anadhani ni urembo, anaendelea na safari.

Nadharia kidogo tu

DPF ni kopo kwenye ekzosi, ndani lina kigae chenye vijitundu vidogo sana vinavyoshika masizi. Yakijaa lazima yachomwe humohumo, na masizi hayashiki moto vizuri mpaka joto lifike nyuzi 550 hadi 650. Sasa moshi wa gari iliyokwama kwenye jamu ya Wandegeya unatoka na nyuzi 150, labda 200. Hizo 400 zinazokosekana zinatoka wapi? Kwenye kopo hakuna hita wala plagi. Zinatoka kwenye nozeli, ile inayopuliza dizeli kwenye silinda, na hapo ndo wengi hawajui, wanahangaika na kopo siku nzima kumbe ugonjwa uko juu kwenye injini.

Kompyuta ya injini ikitaka joto inachelewesha mpigo mkuu wa dizeli, yaani dizeli inaungua pistoni ikiwa tayari imeanza kushuka, nguvu inapungua na joto linakimbilia ekzosi. Halafu inaongeza mpigo mdogo wa nyuma ambao nao unaungua ndani ya silinda, huu unapandisha joto zaidi. Kipepeo cha hewa kwenye manifoldi kinafungwa nusu ili hewa baridi isiingie nyingi. Moshi ukishafika nyuzi 250 hadi 300 kwenye kopo la kwanza, lile la katalisti lililo mbele ya DPF, ndo inapiga mpigo wa mwisho, pistoni ikiwa karibu chini kabisa. Huo hauungui kwenye silinda. Dizeli inatoka ikiwa mvuke, inaungua kwenye katalisti bila mwali, na hapo joto linaruka mpaka 600. Kuna Toyota za D-4D ambazo hazitegemei mpigo huo, zenyewe zina nozeli ya ziada iliyofungwa upande wa ekzosi, lakini kazi ni ileile.

Ukishika hilo, mengine yote humu yatakuwa rahisi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa

- Skana inayosoma data laivu, si ile ndogo ya kufuta taa tu. Lazima ionyeshe joto la ekzosi mbele na nyuma ya katalisti, presha ya DPF, gramu za masizi, na marekebisho ya kila nozeli. Mpigo wa mwisho ikiuonyesha, vizuri zaidi.
- Chaja ya betri. Betri ikishuka katikati ya kazi kompyuta inakatisha.
- Vichupa vinne au sita na mipira ya kupimia ritani ya nozeli, yaani dizeli inayorudishwa na kila nozeli.
- Oili mpya na filta, ya aina inayofaa DPF. Malori ya Kijapani tafuta JASO DH-2, gari ndogo za Kijapani DL-1, za Ulaya nyingi ACEA C3. Oili ya kawaida ina madini mengi yanayogeuka majivu, na majivu hayaungui milele.
- Mtungi wa kuzimia moto. Usicheke.
- Saa moja na nusu bila haraka. Mwenye gari akisema "fanya chapuchapu niko na mzigo", mwambie arudi kesho.

Hatua

1. Soma makosa, yaandike, usifute kwanza.
Kijana akishika skana kitu cha kwanza anabonyeza futa. Sasa umefuta ushahidi. Kosa la sensa ya joto, la EGR (vali inayorudisha moshi kwenye injini), la presha ya reli (paipu linalogawia nozeli dizeli), lolote kati ya hayo linatosha kompyuta kukataa kuchoma, na kosa la DPF lenyewe mara nyingi ni la mwisho kuja. Anza na la kwanza.

2. Vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili.
Hii hatua inachukua dakika moja na ndo inayookoa injini. Kuna dereva alileta Canter yake inayobeba matoke kutoka Isingiro, akaniambia kwa furaha kabisa, "Fundi, gari hii haili oili, inajiongezea yenyewe." Nikavuta dipstiki, oili imepita alama ya juu kwa vidole viwili. Nikadondosha tone kwenye karatasi ya kufungia chapati, katikati pakabaki doa jeusi na kuzunguka lile doa likatambaa pete jepesi la kung'aa, ukinusa ni dizeli tupu. Ile Canter ilikuwa imejaribu kuchoma mara nyingi sana na kila mara anazima sokoni kabla haijamaliza, mipigo ya mwisho inapiga kuta za silinda, inateleza chini kwenye sampu, lile bakuli la oili. Petroli ikiingia kwenye oili angalau inapungua kwa kuvukiza, dizeli yenyewe inabaki.

Oili ikiwa imepanda, badilisha SASA kabla ya kuchoma, halafu badilisha tena baadaye ikipanda, kama inavyosema hatua ya 12. Ndiyo, inaweza kuwa mara mbili. Ni pesa, najua. Ila beringi za kranki ni pesa zaidi, na kuna hatari ingine, oili iliyozidi inaweza kuvutwa kwenye turbo au kupitia paipu ya kupumulia injini, gari ikajikimbiza yenyewe na hata ukizima switchi haizimi.

3. Angalia mafuta na joto la maji.
Gari nyingi hazichomi kama tenki liko chini, mara nyingi chini ya robo, au taa ya akiba inawaka. Sasa sisi hapa tunaweka mafuta ya elfu ishirini asubuhi, hizo ni lita chache tu, taa ya akiba haijawahi kuzimika tangu gari ilipoondoka bandarini. Halafu unashangaa mbona haichomi. Weka nusu tenki, na weka kwenye stesheni inayoeleweka. Kwa viwango vya Afrika Mashariki dizeli tangu 2015 ni ya salfa isiyozidi 50 kwa milioni, hiyo DPF inaivumilia. Ya madumu kando ya barabara hakuna anayejua ina nini, mafuta ya taa au nini.

Maji nayo: kompyuta nyingi zinataka injini ifike nyuzi 70 au zaidi. Na hapa niseme ukweli hata mafundi wenzangu wakinuna. Tumezoea kung'oa themostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, eti huku ni kwenye joto haina kazi. Injini isiyo na themostati ukishuka nayo kilima cha Mabira inakaa nyuzi 60, kompyuta inaona injini bado baridi, hairuhusu mpigo wa mwisho hata siku moja. Nimeona gari tatu zimebadilishwa DPF ya kununua kumbe dawa ilikuwa themostati. Irudishe.

4. Pima sensa za joto asubuhi kabla ya kuwasha.
Gari ikiwa imelala usiku kucha, washa switchi tu, usistati. Sensa zote za ekzosi, ya maji na ya hewa zinatakiwa ziwe karibu sawa, asubuhi ya Kampala inaweza kuwa 20 na kitu. Moja ikionyesha 75 peke yake, au imekwama namba moja haisogei, hiyo ndo mwizi. Kuna sensa ambazo hazisomi vizuri zikiwa baridi kabisa, hizo zilinganishe tena injini ikishapata moto. Usianze kuchoma ukiwa na sensa ya joto mbovu, manake kompyuta itamwaga dizeli bila kujua imefika wapi.

5. Sensa ya presha na mipira yake miwili.
Switchi imewashwa, injini imezimwa: presha ya DPF lazima isome sifuri au karibu nayo. Ikisoma kitu bila injini kuzunguka, sensa imechoka. Halafu chomoa ile mipira miwili myembamba inayotoka kwenye DPF, angalia kama imepasuka, imeyeyuka, imeziba kwa masizi. Puliza kuelekea kwenye kopo, usipulize kuelekea kwenye sensa utaiua. Ukirudisha usibadilishe nafasi, wa mbele urudi mbele.

Sasa washa. Injini ya moto bila kukanyaga mafuta, presha chini ya kPa 1 ni nzuri. Ikifika 3 bila resi, kopo limeshiba. Panda mpaka mizunguko 2500 taratibu, ikizidi kPa 10 ni hatari, usikimbilie kuchoma, soma hatua ya 8.

6. Nozeli.
Hapa tukae kidogo, manake ndo moyo wa mambo yote. Joto linatoka kwenye nozeli, na masizi pia yanatoka kwenye nozeli. Nozeli inayovuja inafanya vyote viwili vibaya: inajaza DPF haraka na wakati wa kuchoma inatoa dizeli ambayo hakuna aliyeiomba.

Fungua skana kwenye marekebisho ya nozeli, injini ikiwa ya moto, bila resi. Kompyuta inaongeza au kupunguza dizeli kwa kila silinda ili injini izunguke sawa. Zote zikiwa karibu na sifuri, hadi 2 juu au chini kwa gari nyingi, endelea. Moja ikiwa imekimbia peke yake, tuseme tatu ziko 0.5 na ya nne iko 4.2, simama hapo. Kisha pima ritani: funga vichupa kwenye paipu za kurudisha, acha injini izunguke dakika chache, linganisha. Kinachojaa mara mbili au tatu ya wenzake, nozeli yake imekwisha ndani.

Nozeli ikibadilishwa, andika namba yake mpya kwenye kompyuta kama gari inataka hivyo. Ile namba ya herufi na tarakimu iliyochorwa juu ya nozeli si pambo, inaiambia kompyuta hiyo nozeli inatoa dizeli kiasi gani. Ukifunga ya mtumba bila kuandika namba, ile mipigo midogo itakuwa ya kubahatisha, na mpigo wa joto ni mdogo sana kubahatisha.

7. Njia ya hewa.
Mipira ya turbo, intakula (kipoza hewa ya turbo), EGR, kipepeo. Weka mkono chini ya mpira wa intakula, ukitoka na oili na vumbi, panavuja. Hewa ikipungua masizi yanaongezeka, hakuna uchawi. Kipepeo hakikisha kinatembea, kikikwama wazi joto halitapanda hata ufanye nini. Tusonge.

8. Soma gramu, uamue.
Skana inakuonyesha masizi kwa gramu au asilimia. Kila gari ina kiwango chake, lakini gari nyingi ndogo za lita 2 kompyuta inaanza kuchoma yenyewe kwenye gramu 20 hadi 25, na ikishapita 40 hivi hairuhusu tena hata kwa skana. Inakataa kwa sababu nzuri: masizi mengi yakishika moto kwa pamoja kigae kinapita nyuzi 1000, kinapasuka au kuyeyuka. Masizi yakipita kiwango hicho, fungua DPF, ipeleke ikasafishwe nje kwa mashine, usilazimishe.

ONYO, hili nalirudia kila siku: usiguse ile "weka sifuri" ya skana kwenye DPF iliyojaa. Hiyo ni ya kopo jipya au lililosafishwa. Ukiweka sifuri, gramu 45 zinabaki ndani na kompyuta inaamini ni 0, itakuja kuchoma siku moja katikati ya safari ikiwa na gramu 70, na hapo utaona ekzosi nyekundu usiku kama makaa.

9. Chagua mahali.
Nje, chini pawe saruji au udongo mtupu. Si kwenye majani makavu, si karibu na magunia ya mkaa, si ndani ya banda la mabati. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilielekeza ekzosi upande wa mama muuza chapati jirani, mita moja na nusu hivi, beseni lake la plastiki likakunjika kama karatasi. Nililipa beseni na unga juu. Acha mita tatu nyuma pawe wazi, toa watoto, na usiingie chini ya gari mpaka ipoe.

10. Anza kuchoma.
Handbreki, nyutro, weka vizuizi kwenye tairi, bonneti wazi, chaja imeunganishwa. Injini iwe imeshapata moto.

Malori mengi ya Kijapani yana swichi kwenye dashibodi: Isuzu imeandikwa DPD, Hino DPR. Simamisha lori, bonyeza na ushikilie mpaka mizunguko ipande yenyewe, usikanyage chochote, si mafuta, si klachi, si breki ya ekzosi. Gari zisizo na swichi, chagua kuchoma kwa lazima kwenye skana na ufuate inavyosema. Kuna gari zinazokataa kuchoma zikiwa zimesimama, zinataka mwendo, hizo ziko hatua ya 13.

11. Sasa usiondoke, tazama namba.
Hapa watu wanaenda kunywa chai. Usiende. Ukurasa wa skana uwe na hivi: joto mbele ya katalisti, joto mbele ya DPF, presha, gramu. Mambo yanatakiwa yaende hivi:

Dakika za mwanzo mizunguko inapanda, sauti ya injini inabadilika inakuwa nzito kama imebeba mzigo, huo ndo mpigo mkuu uliocheleweshwa. Joto mbele ya katalisti linapanda polepole, 180, 220, 260. Likipita 250 hadi 300 utaona joto la mbele ya DPF linaanza kulikimbia, hapo ujue mpigo wa mwisho umeanza kazi. Linafika 550, linatulia kati ya 580 na 650. Gramu zinaanza kushuka, presha nayo. Kazi yote dakika 15 hadi 40 kutegemea gari na mzigo wa masizi.

Moshi mweupe kidogo na harufu kali mwanzoni ni kawaida. Moshi mweupe mzito usioisha si kawaida, katisha.

Joto likipita 700 na linaendelea kupanda, katisha kwa skana lakini USIZIME injini. Shikilia mizunguko kama 1500 hadi 2000 ili hewa ibebe joto itoke. Kosa kubwa kuliko yote ni kuachia injini ishuke ghafla wakati kopo linawaka: bila resi dizeli inayoungua ni kidogo kwa hiyo oksijeni inayofika kwenye DPF ni nyingi, na hewa ya kubeba joto ni kidogo, ni kama umepuliza mvukuto halafu ukafunga dirisha. Vigae vingi ninavyovitoa vimepasuka katikati vilikufa kwa namna hiyo.

12. Poesha, halafu badilisha oili.
Ikimaliza, mizunguko inarudi chini yenyewe. Acha injini izunguke dakika tano ndo uzime. Oili ikiwa imepanda tena kwenye dipstiki, badilisha sasa, hata kama ulibadilisha asubuhi. Kama haijapanda hata kidogo, unaweza kuiacha ile mpya lakini ipime baada ya siku mbili.

13. Barabarani.
Maliza kwa safari. Mizunguko 2000 hadi 2500 bila kusimamasimama, dakika 20 hadi 30, skana imechomekwa na mwenzako anasoma namba, si wewe unayeendesha. Kwa Kampala naipenda ile njia ya Entebbe ya kulipia, hakuna boda wala matuta, unashika gia moja chini ya uliyozoea ili mizunguko ibaki juu. Wa Malaba wana barabara ndefu, hawana sababu. Gari inayokataa kuchoma ikiwa imesimama, mara nyingi hapa ndo inachoma yenyewe.

Ikigoma

*Skana inasema masharti hayajatimia.* Rudi hatua ya 1 na 3. Nane kati ya kumi ni mafuta, maji baridi au kosa ambalo bado limo. Zingine zinataka bonneti iwe wazi au mlango wa dereva umefungwa, soma maandishi.

*Joto mbele ya katalisti halipiti 250.* Shida iko juu: kipepeo kimekwama wazi, EGR haifungi, themostati, au mpira wa turbo umetoka. Washa mizigo ya umeme, taa kubwa, feni, hita ya kioo cha nyuma, injini ibebe kitu. Ikikataa bado, angalia nozeli tena.

*Mbele ya katalisti ni 350 lakini nyuma yake halipandi.* Angalia mpigo wa mwisho kwenye data. Ikiwa sifuri, kompyuta yenyewe imekataa, kuna kosa. Ikiwa unapigwa kweli na unaona moshi mweupe unaonuka dizeli, katalisti imekufa au uso wake umefunikwa na masizi, na kuendelea ni kujaza dizeli kwenye kopo. Kwa zile zenye nozeli ya ziada kwenye ekzosi, itoe uone kama tundu lake limeziba, huwa linaganda kaboni.

*Gramu zimefika 3 lakini presha bado iko juu.* Hayo ni majivu. Gramu nyingi za skana ni hesabu, majivu ni kitu halisi. Fungua, safisha nje. Na tafadhali usimwage petroli wala thina ndani ya DPF kama wanavyoshauriana vijana, umetengeneza bomu.

*Imechoma vizuri, baada ya siku tatu taa imerudi.* Basi injini inatengeneza masizi kuliko inavyoweza kuchoma. Nozeli, EGR, intakula, turbo linalopitisha oili. Au ni matumizi tu, gari ya kupeleka watoto shule kilomita 3 asubuhi na jioni haitafika joto kamwe. Huyo mwambie kila wiki aitoe mjini aipeleke Mukono au Mpigi na kurudi.

*Oili inapanda hata baada ya kutengeneza.* Dereva anazima gari katikati ya kuchoma. Mfundishe dalili: mizunguko imepanda kama 100 au 200 juu ya kawaida, feni inalia ingawa gari si ya moto, harufu kama ya pasi ya mkaa. Akiona hivyo asizime, azunguke dakika kumi zaidi. Kama si dereva, basi ni nozeli inayovuja au sili ya pampu ya presha kubwa.

*"Si uikate tu fundi?"* Hili swali halikosi. Ukitoboa tumbo la kopo ukaacha kompyuta ilivyo, kompyuta haijui kwamba umetoa kitu, inahesabu kilomita na bado inakuja kumwaga mipigo ya mwisho, dizeli inaendelea kuteleza kwenye oili na hakuna hata DPF ya kusafisha. Umelipa ili ubaki na ugonjwa uleule, na moshi juu yake. Mimi sikati.

Ukifanya yote na bado imekushinda, ukinitafuta usiniambie "gari haichomi". Niambie joto mbele ya katalisti, joto mbele ya DPF, presha bila resi na kwenye 2500, gramu, joto la maji, marekebisho ya nozeli zote, na oili iko wapi kwenye dipstiki. Namba zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi nakujibu hata nikiwa chini ya gari.